Amerika, Benin na Shavu la Fiona

Johannesburg, 8 Juni 2008

Kaka Herménégilde,

Shikamoo. Baridi ya huko imekuachia vidole au imeshavichukua? Sisi tu wazima. Neno hilo naliandika kwa heshima zake, maana mwezi uliopita nisingethubutu kuliandika.

Utakuwa umesikia redioni mambo ya Alexandra, wageni wanavyopigwa na kufukuzwa. Mtaani kwetu walifika asubuhi, nikiwa nafua. Mama mwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, alituficha nyuma ya magunia ya unga, kisha akanong'ona tutoke, kwamba wakitukuta watamchomea duka. Simlaumu. Cherehani yangu niliiona kwa macho yangu ikiondoka kichwani mwa mwanamume niliyempunguzia suruali wiki iliyotangulia, tena bila malipo. Yves alipigwa kofi la sikio na mtu mzima mwenye ndevu. Mtoto wa miaka mitatu! Sikio linatoa maji mpaka leo.

Sasa tunalala kwenye ukumbi wa kanisa hapa mjini, katika jengo ambalo zamani lilikuwa ofisi. Wiki hii walikuja watu kuandika majina ya wanaoweza kupelekwa nchi ya tatu, na Amerika imo. Msichana aliyekuwa anaandika akauliza kupitia mkalimani: hawa watoto wote umewazaa mwenyewe? Fiona alikuwa amenishika sketi, ananitazama. Nikasema ndiyo, wote wawili. Akaandika.

Wewe unajua mambo ya kwetu. Mtoto wa marehemu akishawekwa mgongoni mwa mama mwingine siku ya kumaliza matanga, hatajwi tena kuwa wa aliyekufa. Ukimtaja, unamwita mama yake aje amchukue. Emérite dada yetu apumzike alipo. Na wewe kaka mkubwa ndiwe uliyemnyanyua Fiona pale kambi ya wakimbizi ukamweka mgongoni mwangu. Miaka saba leo. Ningejibu nini kingine?

Simu inakula vocha, tuandikiane hivihivi.

Dada yako,
Joséline


Des Moines, Iowa, 27 Julai 2008

Dada yangu mpendwa, Mama Fiona,

Marahaba. Nilipoona mwandiko wako kwenye bahasha nilikaa chini pale pale kwenye ngazi nikalia, jirani Mmarekani akanipita kama vile nafunga kamba za viatu. Mungu ashukuriwe kwa uhai wenu. Mpeleke Yves hospitali, sikio si la kuchezea.

Umejibu kama binti wa baba yetu. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Huyo mtoto ni wako, mimi ni shahidi, na wazee walikuwapo. Asikutishe mtu.

Mimi nafanya kazi kiwanda cha nyama ya nguruwe. Nguruwe mmoja anapita mbele yangu kila sekunde chache, mimi namkata sehemu moja tu, bega la kushoto. Sijui bega la kulia linakatwa na nani. Ila nchi hii, dada, imekamilika! Maji ya moto yanatoka ukutani. Taa sijaiona ikizimika hata mara moja tangu nije. Mtoto akiumwa gari linakuja lenyewe na daktari ndani. Omba tu faili lako litembee. Ninyi watatu mkifika nitawapokea uwanja wa ndege nikiwa nimevaa suti.

Kaka yako,
Herménégilde


Johannesburg, 21 Machi 2010

Kaka,

Shikamoo, na samahani kwa ukimya. Mabega hayajambo? Hilo la kushoto na la nguruwe yote mawili?

Faili linasemekana linatembea, ila nadhani linatembea kwa magoti. Fiona yuko darasa la tatu. Kiingereza na Kizulu anavimwaga kama redio. Kiswahili anakisikia vizuri lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Sasa ndiye anayenisomea kila karatasi inayoingia mlangoni, maana Kifaransa changu cha kambini hapa hakinunui hata mkate. Yves sikio la kulia limekufa kabisa, na la kushoto limeanza kutoa maji. Kliniki wanampa matone. Foleni ya upasuaji ni ndefu, na karatasi yetu ya ukimbizi wanaigeuzageuza kama noti ya bandia.

Sasa jambo lenyewe, na usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Kuna mwanamume. Anaitwa Ignace, mtu wa Benin, fundi nguo. Tumekodi pamoja chumba cha kazi ghorofa ya nne huku Marshalltown, kwenye jengo ambalo lifti yake sijawahi kuiona ikisogea. Tunashona bendera za Kombe la Dunia. Benin haikufuzu, kwa hiyo Ignace anasema yeye kazi yake ni kuwashonea waliofuzu. Bendera ya kwao ni vitambaa vitatu, unamaliza kabla chai haijapoa. Ya kwenu huko ina nyota hamsini na mistari isiyoisha, vidole vimenivimba. Akiniona nahangaika nayo ananicheka: "Unaona, Maman? Hata kuishona tu inakutesa, je kuingia?"

Anataka tuende kwao Cotonou, sote. Nikamwuliza kuna nini huko. Hakunificha. Umeme ni wa kubahatisha. Petroli inauzwa kando ya barabara kwenye chupa kubwa za kioo. Ukienda hospitali unapewa kwanza orodha, glovu, pamba, bomba la sindano, kanunue ndipo uguswe. Nikamwambia, basi Ignace, mbona unanialika? Akakata uzi kwa meno, akasema, "Kuna mama yangu." Huyo mama anauza ugali wa mahindi yaliyochachushwa sokoni na amelea watoto kumi na mmoja. Aliowazaa, Ignace anadhani ni wanne. Mama mwenyewe akiulizwa hukosea hesabu.

Nilicheka, kisha moyo ukaniuma. Nishauri, kaka.

Dada yako,
Joséline


Des Moines, 9 Mei 2010

Dada yangu Mama Fiona,

Marahaba. Mabega yote mabovu, la nguruwe ndilo lenye nafuu. Salamu kwa watoto.

Nimemaliza kusoma kama ulivyoniomba, na bado nimekasirika. Unalinganisha Amerika na Benin? Nimeitafuta kwenye ramani iliyobandikwa ukutani kiwandani, nusura niifunike kwa kidole. Huku hospitali ya watoto ina samaki wa rangi ukutani, na daktari wa masikio peke yake, kazi yake masikio tu. Huko unanunua bomba la sindano! Yves akikosa kusikia moja kwa moja, utamweleza kwamba mama mkwe wako anapika ugali mzuri?

Halafu sikia kwa makini. Usifunge ndoa na usiandikishe jina la mtu huyo popote. Jina jipya linasimamisha faili, hapa kanisani wameniambia. Mbele ya watu mwite fundi mwenzako. Akikupenda atangoja. Ukifika utamtumia mwaliko.

Huku theluji imekwisha. Nimehamia nyumba ya vyumba viwili, nawaandalia nafasi. Bado naishi peke yangu. Watu hapa ni wema sana wanapokuwa kwenye magari yao, wanakupungia.

Kaka yako,
Herménégilde


Johannesburg, 2 Oktoba 2011

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima wa mwili. Natumai nawe pia.

Tuliitwa mahojiano mwezi wa tano. Walituuliza mpaka rangi ya mlango wa nyumba ya kambini. Mwishoni akaja muuguzi na vijiti vya pamba, akamsugua Yves ndani ya shavu, kisha Fiona, kisha mimi. Nikauliza ni ugonjwa gani wanapima. Mkalimani akasema ni utaratibu tu. Fiona alicheka, alisema inatekenya. Sikuelewa, kaka. Naapa sikuelewa. Nilidhani ni kifua kikuu.

Barua ilikuja Ijumaa. Nilikuwa kwenye cherehani, nikampa Fiona anisomee kama kawaida. Alisoma kwa sauti ya shuleni, mstari kwa mstari, ananitafsiria. Wamepokea faili, wanashukuru, mtoto wa kiume uhusiano umethibitishwa. Halafu akanyamaza. Nikamwambia endelea. Akasema, "Hapa pagumu, Mama, sijui hii English." Akaikunja vizuri, akaiweka chini ya pasi, akaenda kuosha vyombo ambavyo alikwisha kuviosha.

Jioni Ignace akaisoma. Damu ya Fiona si yangu, kipimo kimesema. Wanasema nimedanganya kwenye fomu na faili limesimamishwa. Kama nataka lifunguliwe, nilete kiapo kwamba Fiona si mtoto wangu wa kuzaa, nami na Yves tutaendelea. Fiona atashughulikiwa na watu wengine, kwa njia nyingine.

Mtoto wa miaka kumi alisoma hayo yote amesimama mbele yangu na hakutikisika. Mimi ndiye niliyempa ile barua mkononi. Hilo ndilo linaloniua.

Ignace anasema twende Cotonou, faili life. Mwaka jana mafuriko yaliingia nyumbani kwa mama yake mpaka kwenye godoro, hilo pia hakunificha. Lakini anasema hakuna mtu wa kwao atakayemsugua mtoto shavu ili ajue kama ampe chakula. Na Yves, kaka? Sasa ananitazama midomo nikisema.

Dada yako,
Joséline


Des Moines, 30 Oktoba 2011

Dada yangu,

Habari za huko. Nimesoma barua yako mara nyingi mno.

Nina jambo la kukiri, na ni afadhali ulisikie kwangu. Mwaka 2006, nilipohojiwa pale kambini, waliniandikisha ndugu wote, walio hai na waliokufa. Nikataja Emérite, marehemu, ameacha mtoto mmoja, jina Fiona. Yaani Amerika ilikuwa inajua tangu zamani. Uliponiandikia 2008 kwamba umesema umewazaa wote, nilikusifu na sikukumbuka. Au nilikumbuka nikajiambia hawatalinganisha karatasi. Dada, nchi hii kazi yake ni kulinganisha karatasi. Juzi wamenipigia simu wakaniuliza, nami nilikuwa katikati ya kuomba uraia. Nikasema kweli.

Sasa maji umekwisha kuyavulia nguo. Andika kiapo. Si kumkana mtoto, ni karatasi tu. Yves ana miaka sita, masikio yake hayangoji. Ukifika hapa tutafungua faili la Fiona kama yatima wa dada yetu, mimi na wewe, kwa ukweli mtupu. Hata Emérite angekuambia hivyo.

Kaka yako,
Herménégilde


Johannesburg, 19 Februari 2012

Kaka,

Salamu. Usimtie Emérite kinywani mwako. Asiyekuwepo na lake halipo, kwa hiyo wewe unamsemea upendavyo.

Kiapo nimetoa. Sikia kilivyotolewa, ili nisiwe peke yangu ninayejua.

Nilikwenda kwa mwandishi wa barabarani, yule mwenye meza karibu na stendi ya teksi. Alikosea jina langu mara mbili. Nikarudi na karatasi yake nyumbani. Fiona akaichukua, akaisoma, akasema, "Eish, Mama, huyu mzee hajui spelling. Watairudisha. Nipe, nitaandika mimi." Nikasema hapana. Akasema, "Yves hasikii, Mama. Nipe."

Nilimpa. Ndiyo, nilimpa! Alitoa karatasi ya daftari la shule, akapiga mstari wa pembeni kwa rula, akaandika kwa wino, pole pole, ulimi nje kama anavyofanya akichora. Kisha akanigeuzia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: mimi Joséline naapa kwamba Fiona si mtoto wangu, mama yake alikufa, mimi ni auntie wake tu. Nikamwambia hilo "tu" liondoe. Akasema ameandika kwa peni, haifutiki, na akilikata, polisi wanaothibitisha viapo watasema karatasi ina makosa.

Polisi wakapiga muhuri. Askari alimsifu mwandiko.

Tangu siku ile ananiita Auntie. Mbele ya watu na nyuma ya watu. Nilimkataza. Akasema lazima azoee, wasije wakamuuliza ghafla akakosea.

Joséline


Des Moines, 15 Aprili 2012

Dada yangu mpendwa, Mama Yves,

Salamu katika jina la Bwana. Habari njema! Nimepiga simu, wamesema faili limefunguliwa. Yatapita haya, nawe utacheka. Fiona ni msichana mwerevu, umeona mwenyewe. Nimemnunulia Yves kitanda chenye ngazi. Vumilia kidogo.

Kaka yako,
Herménégilde


Johannesburg, 11 Agosti 2013

Herménégilde,

Nilikaa zaidi ya mwaka bila kukujibu kwa sababu ya maneno mawili, "Mama Yves". Miaka yote uliniita Mama Fiona. Polisi walipiga muhuri mmoja, wewe ukapiga wa pili. Haya, nimelisema, sasa nikupe habari.

Mwezi wa tano walikuja wanawake wawili wa ustawi wa jamii. Si watu wabaya. Walikunywa chai yangu. Mmoja alikuwa na nakala ya kiapo mkononi, mwandiko wa Fiona, mstari wa rula pembeni. Wakaeleza taratibu, na Fiona mwenyewe akanitafsiria: msichana wa miaka kumi na miwili, hana mzazi, anaishi na mtu aliyeapa si mama yake, na ndani ya nyumba kuna mwanamume ambaye si baba yake. Sheria inasema alindwe. Nikasema mimi ni mama yake. Yule mwanamke akanionyesha karatasi kwa upole, kama unavyomwonyesha mgonjwa picha ya mfupa wake.

Fiona alipanga nguo zake mwenyewe. Sasa yuko katika nyumba ya watoto, kusini mwa mji. Naruhusiwa kumwona Jumapili, saa nane hadi saa kumi. Mara ya kwanza nilimkumbatia, akasimama kama mti.

Ignace alijaribu la mwisho. Alisema tuondoke sote kwenda Cotonou, mama yake ameshatandika. Nilizungumza naye kwa simu, yule mama, Kifaransa chake kibovu kuliko changu. Aliuliza kitu kimoja tu: watoto wanapenda pilipili? Nikalia kwenye simu. Lakini mtoto havuki mpaka bila saini ya mlezi, na mlezi wa Fiona sasa ni mahakama. Ningemchukua, ningekuwa mwizi wa mtoto. Kwa hiyo kiapo kile kilichokuwa cha Amerika kimenifungia na Benin pia.

Ignace aliondoka mwezi wa sita. Alingoja miaka mitatu, kama ulivyosema atangoja. Hakukulaani, mimi nilimlaani kwa niaba yako. Mwezi uliopita nikasikia mama yake amemwoza mke, mwanamke mwenye watoto wawili. Watalishwa ugali wale, na hakuna atakayewahesabu.

Yves anasoma midomo vizuri sana. Ofisi wamepiga simu, viza mbili zinakaribia.

Joséline


Des Moines, 19 Januari 2014

Dada yangu, Mama Fiona na Yves,

Nimekosa, na sina neno la kujitetea. Afya yenu? Ya kwangu ni ya mtu wa kiwandani.

Nimepokea barua ya ofisi. Mnaruka Jumapili, tarehe 16 Machi. Nimepata miadi ya daktari wa masikio tarehe mbili Aprili. Daktari huyo amewahi kumfungua sikio mtoto wa Kisomali ninayemfahamu, sasa mtoto anamzuia baba yake kuimba. Nimenunua makoti mawili mazito.

Najua utasema, na Fiona? Fiona anakula, anasoma, ana kitanda. Siku mtakayotua tu tutaanza kumwombea viza. Huwezi kumvuta mtu kutoka shimoni ukiwa nawe umo humo.

Niseme lingine ambalo sijalisema. Ulikuwa unaniuliza habari za Amerika nami nikakutajia taa na maji ya moto. Ni kweli yapo. Lakini tangu 2007 sijala mezani na mtu. Nakula nimesimama karibu na sinki, ili nisione kiti cha mbele kiko wazi. Nilimcheka Ignace na mama yake, kwa sababu niliona wivu, dada. Njoo. Siombi haya kwa ajili ya Yves peke yake.

Kaka yako,
Herménégilde


Johannesburg, 23 Machi 2014

Kaka yangu,

Shikamoo. Najua ulivaa suti. Najua ulisimama pale mpaka abiria wa mwisho alipotoka, na sina namna ya kukulipa saa hizo.

Jumapili ile gari la ofisi lilitufuata saa saba mchana. Sanduku moja, mimi na Yves. Fiona tulikuwa tumeagana naye wiki iliyotangulia. Hakulia. Alisema, "Sharp, Auntie," yaani haya basi, akamwambia Yves kwa midomo akirudi kutoka kwa daktari ampigie simu. Mimi ndiye niliyelia, na walinzi wakanipa maji.

Nilimwomba dereva tupitie kwenye lango la ile nyumba, dakika moja tu. Akasema haiko njiani, ndege haimsubiri mtu. Ni kweli. Tukaenda. Nilikuwa nimejipanga, kaka, nilikuwa nakuja. Tulipofika robot ya tatu, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, ikawa nyekundu, na ikawa nyekundu muda mrefu. Nilitazama saa ya gari, ikasema saa nane kamili. Nikafungua mlango, nikamshika Yves mkono, tukashuka katikati ya barabara. Dereva aliniita. Sanduku likabaki humo.

Tulipanda teksi mbili. Tulifika imebaki nusu saa kufunga.

Usifikiri alinirukia shingoni. Aliletwa, akatuona, akasimama mlangoni. Kisha akaanza kupiga kelele kwa Kiingereza, mbele ya wageni wote na wasichana wenzake. Kiingereza hicho nilikielewa. Mbona mko hapa? Niliandika ile karatasi ili muende! Nimewaambia watu wote hapa kwamba mmekwenda, sasa mnanifanya mwongo! Nimeandika bure! Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Ni mara ya kwanza kumsikia akilalamika tangu azaliwe.

Yves alikuwa anamtazama, lakini midomo ilikwenda mbio mno kwake. Akanivuta mkono, akauliza anasema nini. Nikainama nimtazame usoni, nikamwambia pole pole: anasema amefurahi tumebaki. Yves akamkimbilia, akamkumbatia kiunoni. Fiona akabaki na mikono juu, hajui aiweke wapi. Kisha kengele ikalia.

Ofisi wamefunga faili langu. Wamesema walioshuka garini hawaitwi tena. Daktari wako wa tarehe mbili umwombe radhi. Sikio la kushoto la Yves linakwenda, na siku moja atajua kwamba kulikuwa na daktari na mimi nikafungua mlango wa gari. Hilo litakuwa juu yangu, si juu yako. Usinitungie utetezi.

Umenipa nchi yenye kila kitu, Ignace akanipa nchi isiyo na kitu, na nilikaa miaka minne nikizipima kama mtu anayenunua kitambaa. Sasa nimebaki na hii iliyotufukuza. Nimekodi cherehani tena, kuna kazi ya sare za shule. Mwanasheria mmoja wa kanisani anasema naweza kuomba mahakama inirudishie Fiona, ila lazima Fiona mwenyewe aseme anataka. Alitumiwa mtu wa kumwuliza Jumatano. Hakujibu.

Makoti uwape watoto wa kanisani kabla hayajapitwa na msimu. Nawe kaka, kaa kitini ule. Hata kama ni peke yako, kaa.

Leo ni Jumapili. Nakuandikia hapa nje ya lango, Yves ameegemea bega langu amesinzia. Mlinzi amesema atakwenda kumwita, lakini hakuahidi kama atatoka. Saa nane imefika, wanafungua. Naishia hapa.

Dada yako,
Joséline